Ushahidi wa Pua: Kuupima Udhia wa Harufu za Viwanda Karibu na Makazi

Sehemu kubwa ya nyama ya ng'ombe inayoliwa jijini Nairobi, iwe ni ya kuchoma katika mikahawa ya Dagoretti Corner au ni ya mchuzi katika nyumba za kupanga za Satellite na Kawangware, hutoka katika machinjio ya Dagoretti Market, mpakani mwa jiji na kaunti ya Kiambu, ambako malori hushusha ng'ombe waliosafiri masafa marefu na magari ya nyama huondoka mapema kwenda kwenye mabucha ya mji. Kazi hiyo ni ya halali na ya lazima. Wachinjaji, wapakuzi, wachuuzi wa matumbo na wauza supu hupata riziki yao humo, wala hapana mwenye insafu atakayetaka iondoshwe. Walakini kila mnyama achinjwaye huacha nyuma yake damu, samadi ya tumboni, mafuta na vipande vya ngozi, na vitu hivi visiposhughulikiwa siku ile ile huoza, na uvundo wake haujui ukuta wala mpaka wa kaunti.

Mitaa ya magharibi ya Nairobi, kuanzia Satellite na Riruta hadi Waithaka na Uthiru, imejaa watu upesi kuliko ilivyopangwa. Mahali palipokuwa na vishamba vya sukuma wiki pamesimama magorofa ya kupanga, na baina ya magorofa hayo mna gereji, mazizi, mitaro ya wazi na majaa ya taka, hata familia moja huweza kuzungukwa na harufu za asili mbalimbali. Mpangaji anapotafuta nyumba huuliza kodi, maji na stima. Uvundo huujua baadaye, akiisha kulipa. Na akienda kushitaki, aghalabu hujibiwa kwamba harufu ni dhana tu, kwamba kila mtu na pua yake, na kwamba asiyeridhika na ahame. Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba jibu hilo halina haki wala elimu ndani yake. Udhia wa harufu waweza kupimwa. Chombo cha kuupimia ni pua ile ile ya jirani inayodharauliwa. Na ushahidi wa pua, ukichukuliwa kwa utaratibu, huwa na nguvu mbele ya afisa, mbele ya mwenye kiwanda na mbele ya hakimu.

Uvundo unakotoka

Damu mbichi, kwa kweli, ina harufu hafifu. Kinachoigeuza ni muda na joto: protini iliyomo ndani yake, pamoja na ile ya matumbo na mabaki ya nyama, huvunjwavunjwa na vijidudu visivyohitaji hewa, na katika kuivunja hutoka gesi za namna nyingi. Ipo haidrojeni salfaidi, ambayo ndiyo harufu ya yai viza. Ipo amonia, inayowasha pua katika choo kisichosafishwa. Zipo amini, zitiazo shombo katika samaki aliyelala. Na ipo asidi ya butiriki, iliyomo katika siagi iliyochacha. Pua ya mwanadamu huihisi haidrojeni salfaidi hata ikiwa ni sehemu chache tu katika sehemu bilioni moja za hewa, kiasi ambacho vipimagesi vingi vya kubeba mkononi havikitambui kabisa. Na tena kipimagesi hupima gesi moja moja, ilhali uvundo wa machinjio ni mchanganyiko unaofika puani kwa pamoja. Siri ya uwezo huu ilianza kufunuliwa na Linda Buck na Richard Axel wa Marekani, waliotunukiwa Tuzo ya Nobel mwaka 2004 kwa kugundua jeni zinazounda vipokezi vya harufu, ambavyo kwa mwanadamu ni vya aina 400 hivi. Kila kipokezi hujibu harufu kadhaa, na kila harufu huamsha vipokezi kadhaa, ndipo ubongo ukapata kuutenga uvundo wa damu na uvundo wa mtaro.

Pamoja na fahari hiyo, pua ina ila zake, na mpimaji asiyezijua atadhulumu upande mmoja au mwingine. Ila ya kwanza ni kuzoea: mtu aliyekaa dakika chache penye uvundo huacha kuusikia, na ndiyo sababu mfanyakazi wa machinjio husema kwa ukweli wa moyo kwamba hapana harufu hapa, wakati mpita njia ameziba pua yake kwa leso. Ila ya pili ni kwamba pua haifuati hesabu ya kawaida. Gesi ikipungua nusu, pua huona tofauti ndogo mno. Yapasa ipunguzwe mara kumi hivi ndipo jirani aseme kwa yakini kwamba hali imebadilika. Hivyo hutokea mwenye kiwanda akaapa kwamba ametumia mali nyingi kuondoa nusu ya harufu, na majirani wakaapa kwamba hawakuona nafuu yoyote, na wote wawili wakawa wakweli. Ila ya tatu ni ya hadhari kubwa: haidrojeni salfaidi ikifika takriban sehemu 100 katika milioni huipooza pua yenyewe, harufu ikatoweka wakati hatari inazidi, na watu wamekufa kwa kuingia katika mashimo na matangi ya maji taka wakidhani kwamba hewa imesafika.

Mizani ya harufu

Wataalamu basi hawakuitupa pua kwa ajili ya ila hizo, ila waliitafutia kaida za kuisimamia. Hendrik Zwaardemaker, tabibu wa Uholanzi, alitengeneza chombo cha kupimia uwezo wa kunusa mwaka 1888, na fikra hiyo ikaendelezwa hata nchi za Ulaya zikatoa mwaka 2003 kanuni moja ya pamoja, EN 13725, iliyopitiwa upya mwaka 2022. Kwa kanuni hiyo, hewa ya kiwandani huchukuliwa katika mfuko usio na harufu yake na kupelekwa maabara, ambako hupewa jopo la wanusaji wasiopungua wanne, ikiwa imechanganywa kwanza na hewa safi nyingi hata isinuke kitu, kisha ikiongezwa nguvu daraja kwa daraja. Daraja ambapo nusu ya jopo huitambua na nusu haitambui huhesabiwa kuwa kipimo kimoja cha harufu. Na ikiwa hewa ya kiwandani ilihitaji kuchanganywa mara 500 ili ifike hapo, basi ina vipimo 500 kwa kila mita moja ya ujazo. Wanusaji wenyewe hujaribiwa kwanza kwa kemikali iitwayo butanoli, wenye pua kali mno wakaachwa pamoja na wenye pua nzito, kwa kuwa ushahidi unaotakiwa ni wa mtu wa kawaida. Japani, yenye sheria ya kuzuia harufu mbaya tangu mwaka 1971, hutumia njia nyepesi zaidi ya mifuko mitatu: mmoja una harufu, miwili haina, na mnusaji hutakiwa auchague ulio nayo.

Lakini watu hawaishi maabara. Ili kujua udhia unaowafika majumbani mwao, Wajerumani wana njia ambayo haihitaji mtambo wowote, na tungeweza kuifikiri ikifanywa katika njia panda moja ya Satellite. Mpimaji aliyefunzwa, ambaye pua yake haijazoea hewa ya mtaa ule, husimama mahali palipowekwa alama, akiwa na saa na karatasi yenye vijumba 60. Kila baada ya sekunde 10 hunusa mara moja na kuandika kijumbani kama ametambua harufu, na ni ya nini: damu iliyooza, samadi, moshi wa takataka, mtaro, au hapana kitu. Baada ya dakika 10 vijumba vimejaa. Vikipatikana 6 au zaidi vyenye harufu ya kiwanda kinachochunguzwa, saa ile huandikwa kuwa ni saa ya harufu. Vikiwa 5, haiandikwi. Kazi hiyo hurudiwa mchana na usiku, siku za kazi na za mapumziko, kwa muda wa miezi 6 au mwaka mzima, kisha hutazamwa ni sehemu gani ya saa zote iliyochafuliwa. Ujerumani huvumilia asilimia 10 ya saa katika makazi, na asilimia 15 katika maeneo ya viwanda. Uingereza hutumia hesabu ya mtawanyiko wa hewa: mwongozo wa mwaka 2011 umeweka vipimo 1.5 kwa harufu zinazochukiza mno, zikiwemo za mizoga inayooza, vipimo 3 kwa za wastani na 6 kwa zile zichukizazo kidogo, na kiwango hicho hakitakiwi kupitwa isipokuwa katika asilimia 2 ya saa za mwaka.

Mwenye kutafakari haya ataona kwamba ukali wa harufu ni sehemu moja tu ya shauri. Wachunguzi wa udhia huuliza mambo matano: harufu huja mara ngapi, ina ukali gani, hudumu muda gani, ni ya aina gani, na inawafika watu gani mahali gani. Harufu ya mkate kutoka kwenye tanuri haina adui ikija mara moja kwa siku, lakini ikidumu usiku kucha kila usiku nayo hugeuka adha. Na uvundo wa damu, hata uwe hafifu, ukifika katika wodi ya wagonjwa au darasa la watoto wakati wa chakula cha mchana, si sawa na uvundo huo huo ukifika katika ghala lisilo na mtu.

Upepo na mabonde

Satellite ina bahati moja ambayo wakaazi wake wengi hawaifikirii: makao makuu ya Idara ya Utabiri wa Hali ya Hewa ya Kenya yapo Dagoretti Corner, mwendo mfupi kutoka mtaani, na kituo chake cha vipimo, kilicho karibu mita 1,800 juu ya usawa wa bahari, huandika mwelekeo na kasi ya upepo mwaka mzima. Pasipo habari za upepo, malalamiko ya harufu huwa nusu ya ushahidi. Upepo wa Nairobi kwa sehemu kubwa hutoka upande wa mashariki, ukielemea kaskazini mashariki katika miezi ya kaskazi na kusini mashariki katika miezi ya kusi. Kwa hiyo mchana, jua likiisha kuipasha ardhi na hewa ikachangamka, uvundo wa Dagoretti Market husukumwa aghalabu kuelekea Thogoto na Kikuyu, huku ukipaa na kutawanyika.

Usiku mambo hugeuka. Ardhi ya upande huu wa jiji huteremka kutoka nyanda za Kikuyu kuelekea mashariki, na mito yake hufuata mteremko huo. Mbingu zikiwa wazi na upepo ukitulia, ardhi hupoa upesi, na hewa ya baridi iliyo nzito kuliko ile ya juu yake huteremka taratibu kwa njia ya mabonde, ikichukua kila kilichomwagwa humo bila kukitawanya. Hii ndiyo sababu mahali pa namna hii harufu husikika zaidi baina ya magharibi na alfajiri, na kuzidi katika miezi ya baridi. Na ndiyo sababu afisa ajaye kukagua saa 5 za asubuhi, gari lake likiwa nje na jua likiwa kali, huondoka akiamini kwamba majirani wametia chumvi. Ukaguzi wa harufu uliofanywa saa za ofisi peke yake ni ukaguzi wa saa zile ambazo harufu haipo.

Daftari la jirani

Kutoka hapa inafuata kazi ambayo hakuna mtu awezaye kuifanya badala ya wakaazi wenyewe. Jirani hawezi kumwajiri mpimaji wa Ujerumani, lakini aweza kununua daftari la shule na kuandika. Neno "kunanuka sana kila siku" halimsaidii afisa wala hakimu, kwa kuwa halina saa, halina mahali na halina mpaka. Ukurasa wa namna hii humsaidia: "Jumanne, saa 12 na robo asubuhi. Dirisha la jikoni, ghorofa ya pili. Baridi, hewa imetulia, ukungu bondeni. Harufu ya damu iliyooza, si ya mtaro. Ukali 4 katika 6. Ilidumu hadi saa 2 kasorobo. Tulifunga madirisha, mtoto alikataa chai." Mizani ya ukali huanza 0, yaani hapana harufu, na kuishia 6, yaani haivumiliki, na nyumba zote zinazoandika zifuate mizani moja.

Wakiandika watu wa nyumba kumi zilizotawanyika katika mtaa, kila mmoja peke yake, pasipo kusomeana kabla ya mwisho wa mwezi, kisha saa zao zikalinganishwa na rekodi za upepo, picha itakayotokea ni ngumu kuikanusha. Na daftari hilo lina masharti mawili ya uadilifu. La kwanza ni kuandika pia siku zisizo na harufu, maana shahidi anayetaja mabaya tu hujipunguzia imani. La pili ni kutenga vyanzo. Katika mitaa hii uvundo wa mtaro ulioziba, wa jaa la taka na wa zizi la jirani huweza kubebeshwa machinjio bure, au machinjio yakajificha nyuma yake. Mwenye kuandika kwa haki humlinda mtuhumiwa asiye na kosa kama anavyomfichua mwenye nalo. Nakala ya daftari ipelekwe kwanza kwa mwenye kiwanda. Wapo wenye viwanda ambao hawajui ni saa gani na ni shimo gani linalowaudhi watu, na saa iliyoandikwa huwaonyesha: uvundo wa alfajiri ya Jumatatu pekee, kwa mfano, humwelekeza mtu kwenye taka iliyolala tangu Jumamosi.

Sheria na usawa

Sheria za Kenya hazikumwacha mkaazi mikono mitupu. Sheria ya Afya ya Umma, iliyoanza kutumika mwaka 1921, inahesabu kuwa ni udhia kiwanda au mahali pa biashara pasipowekwa katika hali ya usafi na pasipoepushwa na harufu mbaya, na inampa afisa wa afya mamlaka ya kutoa ilani ili udhia uondolewe. Sheria ya Usimamizi na Uratibu wa Mazingira ya mwaka 1999 iliiunda NEMA, mamlaka ya taifa ya kusimamia mazingira, na imeweka machinjio miongoni mwa miradi inayotakiwa kufanyiwa tathmini ya athari kwa mazingira. Katiba ya mwaka 2010 inampa kila mtu haki ya mazingira safi yenye afya katika kifungu cha 42. Na kifungu cha 70 kinamruhusu kwenda mahakamani pasipo kulazimika kuthibitisha kwamba kuna mtu aliyepata hasara au madhara. Jedwali la Nne la Katiba hiyo limezikabidhi serikali za kaunti machinjio ya kaunti pamoja na udhibiti wa uchafuzi wa hewa na udhia mwingine wa umma, kwa hiyo kaunti haiwezi kusema kwamba shauri la harufu ni la watu wengine.

Mwaka 2009 NEMA iliyafunga machinjio ya Dagoretti kwa sababu ya taka zilizokuwa zikiingia katika mto Kabuthi, tawimto la mto Nairobi. Tendo hilo lilionyesha kwamba sheria ina meno, lakini lilionyesha pia udhaifu wa dawa ya kufunga: mji hauachi kula nyama, na damu iliyozuiliwa hapa humwagika pengine. Dawa ya kudumu ni ya kazi. Damu ikusanywe siku ile ile ndani ya vyombo vilivyofunikwa, mitaro ifunikwe, hewa ya vyumba vinavyonuka ipitishwe katika kitanda cha vipande vya mbao na mboji ambamo vijidudu hula gesi, na samadi igeuzwe nishati. Hili la mwisho limekwisha kujaribiwa hapo hapo, katika machinjio ya Nyongara, palipojengwa mtambo wa majaribio wa kuzalisha gesi na umeme kutokana na taka za machinjio kwa msaada wa UNIDO, shirika la Umoja wa Mataifa la maendeleo ya viwanda. Taka iliyofungiwa ndani ya mtambo haichafui mto wala hainuki mtaani.

Imebaki hoja ya kale: kwamba machinjio yalitangulia, na aliyejenga baadaye alijua anakokuja. Mahakama ya London iliikataa hoja hiyo mwaka 1879 katika kesi ya Sturges na Bridgman, ilipompa haki tabibu aliyejenga chumba cha kazi kando ya mtengeneza peremende aliyekuwapo miaka mingi akitwanga kwa vinu. Walakini katika hukumu ile ile jaji alisema kwamba kitu kilicho udhia katika Belgrave Square, mtaa wa matajiri, si lazima kiwe udhia katika Bermondsey, mtaa wa watengeneza ngozi. Na fikra hiyo ingali inatembea duniani. Ni kweli kwamba mahali pana uzito katika kupima udhia, na hakuna atakayedai kwamba eneo la viwanda linukie kama bustani ya waridi. Lakini Satellite ni makazi. Mtoto anayelala Satellite ana vipokezi vile vile vya aina 400 hivi alivyo navyo mtoto wa mitaa ya matajiri ya Karen au Lavington, na kichefuchefu chake hakipungui kwa kuwa kodi ya chumba chao ni ndogo. Umaskini wa mtaa usitumiwe kuwa kipimo cha uvumilivu wa wakaazi wake.

Wala haifai kuingoja siku ambayo harufu itathibitishwa kuwa sumu ndipo ihesabiwe kuwa madhara. Yapo mambo mawili tofauti hapa. Sumu nyingi hazina harufu kabisa, na watu wa Owino Uhuru, Mombasa, waliodhurika kwa risasi ya kiwanda cha kuyeyusha betri, ni ushahidi kwamba pua peke yake haiwezi kulinda siha. Na harufu nyingi haziui, lakini humnyima mtu usingizi, humwumiza kichwa, humwondolea hamu ya chakula, humfungia madirisha usiku wa joto na kumfanya aone haya kualika wageni nyumbani kwake. Maisha ya namna hiyo yamepunguzwa, hata kama tabibu hakuona ugonjwa wa kuuandika.

Kwa hiyo yanayotakiwa ni machache, na yote yamo ndani ya uwezo wa nchi. Kaunti ya Nairobi iweke daftari la malalamiko ya harufu lenye saa, mahali na upepo, na maafisa wake wakague alfajiri na usiku. NEMA ifunze majopo ya wanusaji, kazi isiyohitaji mitambo ya gharama, na masharti ya leseni za viwanda yataje kiasi cha harufu kinachovumilika katika nyumba ya karibu zaidi. Wapangaji wa mji waache nafasi baina ya kiwanda na makazi kabla ya kuidhinisha ghorofa jingine. Na wakaazi wenyewe waandike, kwa uaminifu na kwa subira, kwa kuwa uvundo usioandikwa huondoka na upepo wa asubuhi, ukamwacha aliyeuvuta usiku kucha hana la kuonyesha, ilhali ulioandikwa na wengi kwa mizani moja humlazimu mwenye mamlaka ajibu.